Marejeo ni Ngamani? Waandishi wa Kiswahili na Uamuzi wa Kuiacha Nchi

Wahenga wa pwani walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii tumeisoma sote darasani, na wengi wetu tulipata alama nzuri kwa kuieleza. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni tumbo lake, kule chini kati ya mbavu za mbao. Maana tuliyofundishwa ni kwamba mtu hata atangetange vipi, mwishowe hurejea alikotoka. Nami niliiamini maana hiyo kwa miaka mingi, hadi mwezi wa tatu mwaka huu nilipoletewa barua.

Barua yenyewe inatoka katika chuo kimoja cha Ujerumani. Inanitaka nikafundishe Kiswahili kwa miaka mitatu, kwa mkataba unaoweza kuongezwa na mshahara ambao sijapata kuuona. Nina miaka arobaini na mmoja. Mama yangu yuko Pangani, amekwishatimiza miaka sabini na sita, na dada yangu ndiye amtunzaye. Nilipompasha mama habari, alinyamaza kitambo, kisha akaitamka methali ile ile bila kuongeza neno. Nilishindwa kutambua kama ananiruhusu au ananizuia.

Nikafanya wafanyavyo watu wa vitabu wanaposhindwa kuamua: nikaenda kusoma. Nilitaka kujua, wale waliotutangulia katika kazi hii ya Kiswahili na wakaziacha nchi zao, waliamua kwa sababu gani, na baada ya kuamua yaliwafika yapi. Makala haya ni matunda ya usomaji huo. Nayaweka mbele yenu, wapenzi wa lugha na ushairi, kwa kuwa nadhani wamo miongoni mwenu wenye barua kama yangu mfukoni, au wenye watoto wanaoingoja.

Maneno ya kuondoka

Tuanze na lugha yenyewe, maana imeyatenga mambo ambayo sisi huyachanganya. Asafiriye anatarajiwa kurudi. Safari ina kwenda na ina kuja. Ahamaye amechukua vyombo vyake. Agurae naye amehama, na neno hili la kale lingali hai Kenya, ambako magazeti hulitumia kwa wanasiasa wanaovigura vyama vyao. Atamakanie amekaa mahali akatulia. Aloweaye amekaa ugenini hadi amezoea na kwao kumemtoka moyoni. Na kutokana na kitenzi hicho tulimpata mlowezi, jina tulilowapa Wazungu waliotwaa mashamba Kenya na Tanganyika. Ni jina ambalo hatupendi kujivika sisi wenyewe, ijapokuwa tendo ni lile lile la kukaa hadi kusahau.

Kuna kuhajiri, tulikopata kutoka Kiarabu, nako kuna heshima yake. Hijra ya Mtume kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622 ndiyo iliyofanywa mwanzo wa kalenda ya Kiislamu, kana kwamba kuhama kwaweza kuwa siku ya kwanza ya hesabu mpya. Kisha kuna uhamishoni. Neno hili limejengwa juu ya kuhamisha, kauli ya kutendesha, na kauli hiyo haikubali kusimama bila mtendeshaji: aliye uhamishoni, yupo aliyemhamisha.

Ajabu kuliko yote ni ughaibuni. Ghaibu ni hali ya kutokuwapo. Kwa hiyo neno tunalolitumia kila siku kwa maana ya nchi za mbali limeundwa kwa macho ya mtu aliyebaki. Mwenyeji wa Muscat au London hamwoni jirani yake Mswahili kuwa yuko ughaibuni; anamwona hapo hapo, akichota maji na kulipa kodi. Hayupo machoni pa mama yake tu. Tena lugha hiyo hiyo husema kusoma kwa ghaibu, yaani kusoma bila ya kutazama kitabu, kwa kilichohifadhiwa kifuani. Mama yangu huusoma Utendi wa Mwana Kupona kwa ghaibu. Yaelekea walioko ughaibuni nao hujikuta wakiijua nchi yao kwa ghaibu, kwa kuwa hawana kitabu chake mbele yao.

Nimeyapanga maneno haya kwa sababu katika kila maisha niliyoyasoma nimeona jambo moja likijirudia. Mtu huondoka chini ya neno moja na kuishia chini ya neno jingine. Neno la kwanza hulichagua mwenyewe, au hudhani amelichagua. Neno la mwisho aghalabu huwa mikononi mwa wengine.

Binti wa Mtoni

Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akiwa binti wa Sayyid Said bin Sultan. Wasichana wa nyumba ile walifunzwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akiziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Naitaja habari hii kwanza kwa sababu bila mfupa ule tusingekuwa na kitabu chake.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza akaenda Aden. Huko alibatizwa, akaolewa mwaka 1867, akaitwa Emily Ruete, kisha wakaenda Hamburg. Katika hali yake kubaki kulikuwa kifo au jirani yake, basi hapakuwa na uamuzi mrefu. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anaihangaikia.

Alirudi Unguja mwaka 1885. Wengi watasema basi methali imetimia. Lakini alirudi pamoja na manowari za Kijerumani, wakati Bismarck alipokuwa akimbana ndugu yake, Sayyid Barghash, kuhusu pwani ya bara. Madai yake ya urithi yalifaa kuwa kitisho mikononi mwa serikali ya Ujerumani, na kitisho kilipokwisha kazi, madai nayo yakaachwa. Barghash hakukubali kuonana naye. Alijaribu tena mwaka 1888, asipate kitu. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1886, kwa Kijerumani, na alifariki Jena mwaka 1924. Aliyeondoka mkimbizi alirejea akiwa karata katika mchezo wa wakubwa. Miguu yake ilikanyaga mchanga wa Unguja, ila mlango wa nyumba haukufunguliwa.

Mwalimu wa Bagamoyo

Wa pili ndiye aliyenikosesha usingizi, maana barua yake na yangu zinafanana mno. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, katika miaka ya 1860. Alikuwa mtu mwenye elimu ya dini, na amewahi kuingia bara. Safari yake ya Udoe na Uzigua aliiandika mwenyewe, nayo ilichapishwa pamoja na za wenzake katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako Wajerumani waliwaandaa maofisa wao wa makoloni.

Alikwenda kwa kazi, na kwa muda. Huyo ni msafiri. Na kazi aliifanya: Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Mmoja wetu akitaka leo kujua jinsi watu wa Mrima walivyozaa, walivyocheza ngoma, walivyooa, walivyozika na walivyofanya biashara kabla ya utawala wa kigeni kuyageuza mambo, hana budi kupitia kwake. Nimekisoma kitabu kile mara nyingi, na kila mara nastaajabu jinsi nathari yake ilivyo nyepesi na safi. Yasemwa kwamba nathari ya Kiswahili ni changa kando ya ushairi wetu. Lakini yeye aliiandika hivi miaka mingi kabla ya riwaya zetu za kwanza, na sehemu ya maisha ya kazi hiyo ilikuwa katika mji wa theluji.

Pale seminarini, baadhi ya wanafunzi hawakukubali kumpa Mwafrika heshima waliyowapa walimu wao wengine. Yeye naye hakukubali kufundisha bila heshima hiyo. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 aliacha kazi, akapanda meli pamoja na mkewe kurudi kwao.

Hapa ndipo methali yetu inapokwama. Meli ilifika Afrika Mashariki, lakini serikali ya kikoloni haikumruhusu kushuka na mkewe. Mwafrika aliyefunga ndoa halali na mwanamke wa Kizungu alikuwa, machoni pa wakuu wale, hatari kwa mpango mzima wa nani bwana na nani mtumishi. Na huo ulikuwa mwaka wa vita vya Majimaji. Bandari anaiona, lugha inayosemwa ufukweni ndiyo ile aliyokuwa akiwafundisha Wajerumani, na ngazi ya kushukia hapewi. Akarudishwa Ujerumani. Baadaye alifanya kazi Hamburg chini ya Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, na miaka yake ya mwisho alijikimu kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika. Vita Vikuu vikaja, koloni likatoka mikononi mwa Wajerumani likawa Tanganyika chini ya Waingereza, na hata dola iliyomfungia mlango ikawa haipo tena. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Aliondoka msafiri, akawa mhamishwa siku ile ile aliyojaribu kurudi. Angalieni kwamba hakufukuzwa alipoondoka; aliondoka kwa heshima, kwa mkataba, kama nitakiwavyo mimi. Uhamisho wake ulimngojea upande wa marejeo. Nilipofika hapo katika usomaji wangu niliifunga barua ile kabatini, nikakaa majuma mawili bila kuigusa.

Aliyeuliza twendapi

Watatu twamjua sote. Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, baada ya wagombea wa chama cha upinzani cha KPU kuzuiwa kushiriki uchaguzi wa serikali za mitaa, aliandika karatasi iliyosambazwa kwa siri, Kenya: Twendapi? Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Sehemu kubwa ya kifungo aliwekwa peke yake, na mashairi aliyoyatunga aliyaandika juu ya karatasi za chooni. Yalichapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Alifunguliwa mwaka 1972, na mwaka huo huo akaondoka Kenya. Napenda tuuangalie uamuzi huo kwa utulivu, kwa maana husemwa kwa haraka kwamba alikimbia. Mtu aliyekaa miaka mitatu gerezani bila kukana neno lake hakosi ushupavu wa kubaki. Lakini mshairi aliyefungwa kwa kuuliza swali hujua kwamba akibaki atachagua kati ya kuuliza tena, na hivyo kurudi gerezani, na kunyamaza. Kuondoka kulikuwa njia ya tatu, ya kuendelea kusema.

Alikokwenda kwanza kuna maana kubwa. Hakwenda mbali. Alikwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, wakati taasisi hiyo ilipokuwa ikiandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Alivuka mpaka wa dola bila kuvuka mpaka wa lugha. Ndipo baadaye, mwaka 1979, akaenda London katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambako sauti yake iliingia majumbani mwa watu wa nchi aliyoiacha. Na tangu 1995 hadi 2011 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Kila alipohamia, alihamia kazi ambayo nyenzo yake ni Kiswahili. Jina la karatasi yake lilikuwa swali kwa nchi nzima, na nadhani aliendelea kulijibu kwa miguu yake: twaenda kokote ambako lugha itaendelea kufanya kazi.

Jambo jingine ni la washairi hasa. Sauti ya Dhiki imeandikwa kwa Kimvita. Msomaji wa Dodoma au Kisumu huhitaji kusaidiwa maneno. Mtu anayejiandaa kulowea hutupa kwanza lahaja yake, akashika lugha ya wote ili asiulizwe kwao wapi. Abdilatif alipita Dar es Salaam, makao makuu ya usanifishaji, akapita London, akapita Leipzig, na Kimvita chake hakukiweka chini. Nduguye Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita, alibaki Mombasa akatunga katika lahaja hiyo hiyo. Mmoja aliondoka, mmoja alibaki, na lahaja haikumkana hata mmoja wao.

Walioamuliwa

Wapo ambao kwao neno uamuzi lenyewe ni zito kulitumia. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, maelfu waliondoka visiwani. Wengine walikwenda Oman, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warejee kujenga nchi. Kwa karatasi hao walikuwa wakirudi kwao. Kwa kweli wengi wao hawakupata kuiona Oman katika maisha yao, na huko walikokwenda walipewa jina la Wazanzibari. Hadi leo Kiswahili chasikika katika mitaa ya Muscat. Unguja waliitwa Waarabu, Oman wakaitwa kwa jina la Zanzibar. Marejeo yao yalikuwa mwanzo wa ugeni wa pili.

Kijana mmoja wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1948, alifika Uingereza akiwa na miaka kumi na minane au zaidi kidogo, mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuweza kurudi kumwona baba yake hadi mwaka 1984. Huyo ni Abdulrazak Gurnah, na karibu vitabu vyake vyote vyazunguka jeraha moja, la mtu aliyeondoka na asiyejua awaambie nini aliowaacha. Aliviandika kwa Kiingereza. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wengi wetu tulishangilia kisha tukatahayari, kwani hatukuwa na kitabu chake hata kimoja cha kumpa mama asome. Mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise ilitoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kitabu kilitangulia kufanya safari ambayo watu wengi wa kizazi chake hawakuimaliza. Nacho kilihitaji mtu wa kukivusha.

Lakini haki haitimii nikiwahesabu waliokwenda tu. Adam Shafi aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akakata bara kupitia Uganda na Sudan hadi Misri akitafuta elimu. Masaibu ya safari ile ameyasimulia katika Mbali na Nyumbani. Yeye alirudi. Ngazi ya kushukia aliipata. Na nyumbani huko huko, baada ya kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili 1972, alitiwa kizuizini pamoja na wengine wengi. Riwaya ya Haini imetoka katika giza hilo. Tusimwambie basi kijana kwamba kubaki ni salama na kwenda ni hatari. Salme hakufunguliwa mlango, Mtoro hakuruhusiwa kushuka, na Adam Shafi alishuka, akaingia, akafungiwa ndani.

Ngama ni mahali gani

Baada ya yote hayo nilirudi kwenye methali ya mama, nikagundua kwamba nusu yake ya pili nilikuwa sijaielewa. Nilikuwa nikiidhani ngama kuwa mahali pa kupumzikia, kama kitanda baada ya kutembea. Nilikwenda Pangani, nikakaa na mzee mmoja nahodha karibu na kivuko, nikamwuliza. Alicheka. Akasema ngamani hapakaliwi na mtu apendaye raha. Ni kule chini maji yanakojikusanya, yale yapenyayo kati ya mbao na yale yarushwayo na mawimbi. Tezini kuna usukani na omoni kuna upepo, lakini kazi ya kukiokoa chombo iko ngamani, kufua maji, kuyateka na kuyamwaga nje, usiku na mchana. Baharia atembee juu atakavyo. Zamu yake ya kufua maji itafika.

Kwa ufafanuzi huo methali imenigeukia. Haiahidi kwamba utapokewa. Inadai kwamba kuna kazi chini ya chombo, na kwamba kila uwapo mbali nayo, mwingine anaifanya kwa niaba yako.

Nikamkumbuka dada.

Tulizungumza usiku mmoja uani, mama amekwisha kulala. Nilimweleza habari za Mtoro na za Abdilatif, alinisikiliza kwa subira kama mtu amsikilizavyo mwalimu, kisha akasema: "Ndugu yangu, mimi sikukatazi. Nenda. Lakini usiniambie unakwenda safari kama unakwenda kulowea. Mimi nataka neno lenyewe, nijue nimwambie nini mama akiuliza, na nijue mimi mwenyewe nijipange kwa miaka mingapi." Nilimjibu kwamba mkataba ni wa miaka mitatu. Akasema mkataba ni karatasi ya Wajerumani, yeye ananiuliza mimi.

Sikuwa na jibu usiku ule. Kesho yake, kabla sijarudi mjini, nilimwona akimbeba mama kumtoa kitandani, mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara mia. Mimi kazi ile sijapata kuifanya hata mara moja. Nilidhani ninaamua juu ya maisha yangu, na kumbe nilikuwa nikiamua juu ya mikono ya dada yangu.

Nilichokichukua katika historia hii si amri ya kwenda wala ya kubaki. Ni namna ya kuuliza. Kijana akinijia leo akaniuliza kama aondoke, sitamwuliza kwanza mshahara ni kiasi gani. Nitamwuliza mlango wa kurudi uko mikononi mwa nani, naye atafanya nini kabla ya kuondoka ili sehemu ya ufunguo ibaki kwake. Nitamwuliza kama huko aendako lugha yake itakuwa na kazi, au itabaki ya simu za Ijumaa. Na nitamwuliza ni nani atakayefua maji wakati yeye yuko tezini, na kama mtu huyo ameulizwa.

Nami nimejiuliza hayo. Nimeomba ruhusa bila malipo katika chuo ninachofundisha, kwa miaka mitatu, nayo nimeipata kwa maandishi. Nafasi yangu haitafutwa. Robo ya mshahara itakwenda kwa dada kila mwezi, kwa jina lake na kwa matumizi yake, mbali na fedha za mama, maana kazi yake nayo ni kazi. Likizo zangu zote ni za Pangani, naye siku hizo atakwenda apendako. Na kabla ya kuondoka nimekaa na mama jioni kumi na moja, nikaurekodi Utendi wa Mwana Kupona kama anavyousoma yeye kwa ghaibu, pamoja na beti mbili anazoziweka mahali ambapo vitabu haviziweki. Alipomaliza aliniuliza kama na mimi naujua sasa. Nilimwambia bado. Akasema basi nina kazi ya kufanya huko kwenye baridi.

Barua nimeijibu. Nitaondoka mwezi wa tisa. Dada aliniuliza tena neno langu, na safari hii nilikuwa nalo. Nimemwambia: safari. Amelipokea, akasema anaanza kuhesabu.